Kaldera: mlima uliojizamia

"Shikamoo mjomba. Tumefika Ngosi, ila mlima wenyewe siuoni."

Mpwa wangu aliniandikia hivyo likizo ya Desemba, chini ya picha aliyopiga kwa simu: maji ya kijani kwa chini, msitu umeyazunguka kama ukuta, na vijana watatu wenye matope mpaka magotini. Wamepanda kutokea Isongole, huku kwetu Mbeya, njia ya Tukuyu, wamepita mashamba ya viazi, wameingia kwenye mianzi, wamepumua kwa shida saa nzima na zaidi. Halafu wanafika juu wanakuta shimo. Nilimjibu kwamba mlima anaouulizia ameukanyaga, na sehemu kubwa ya kilele chake iko chini ya yale maji.

Shimo la namna hiyo huitwa kaldera. Neno limetoka kwenye Kihispania, na maana yake ni chungu kikubwa cha kuchemshia. (Warungwe wasinielewe vibaya: Kijungu cha mto Kiwira nacho ni chungu, lakini kile kimechongwa na maji yakizungusha mawe juu ya mwamba wa lava. Si kaldera.)

Wengi wetu tunasema "kreta ya Ngosi", na hatujakosea sana katika mazungumzo ya kawaida. Ila kreta hasa ni mdomo wa volkano, tundu ambalo lava, majivu na gesi hutokea. Mlima hujenga kreta yake kadiri unavyotapika. Kaldera haijengwi, hutokana na kuporomoka. Chini ya volkano huwa kuna hazina ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Volkano ikilipuka kwa nguvu na kutapika sehemu kubwa ya magma hiyo kwa muda mfupi, paa lililokuwa juu yake hukosa cha kuliegemeza. Linakatika pembeni na kushuka.

Ukitaka kuona jambo hilo bila kupanda mlima, simamisha gunia la mpunga wa Kyela lililo wazi juu, kisha litoboe chini. Mpunga ukianza kumwagika, uso wa juu unabonyea katikati na kuacha kingo. Tofauti ni kwamba kwenye volkano kilichomwagika kilitokea juu, na kikatawanyika mbali.

Na hapa kilitawanyika kweli. Mlipuko mkubwa wa Ngosi, wa takribani miaka 10,000 iliyopita, ulitupa majivu na pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu ambayo mtoto akiyatupa kwenye ndoo ya maji yanaelea. Ukipita mahali ambapo barabara imekata kilima huko kwenye milima ya Poroto, angalia ukuta wa udongo: mistari ya rangi ya kijivu na njano, tabaka juu ya tabaka. Ile ni magma iliyokuwa ndani ya ardhi ikaja juu kwa vipande. Viazi vya Isongole vinakula humo humo.

Mvua ndiyo iliyomalizia kazi. Shimo limezibwa pande zote, maji hayana mto wa kutokea, basi yakakusanyika mpaka likawa ziwa la urefu wa kilomita 2.5 hivi na upana wa kilomita 1.5, lenye kina kinachozidi mita 70. Watu hupenda kusema lina umbo la ramani ya Afrika. Ukiliangalia kwa jicho la huruma, ndiyo. Ni dogo mbele ya Ngorongoro, ambayo nayo, pamoja na jina lake la kreta, ni kaldera, tena yenye upana wa karibu kilomita 20. Moto wa chini ya Ngosi haujaisha kabisa. Ndiyo sababu wataalamu wa jotoardhi wanalifuatilia eneo hilo kwa ajili ya umeme.

Kwa nini volkano zimerundikana kwetu na si, tuseme, Dodoma? Kwa sababu Mbeya ipo kwenye njia panda ya Bonde la Ufa. Mkono mmoja unatoka Rukwa, mmoja unashuka Ziwa Nyasa, mwingine unaelekea Usangu. Ardhi ikivutwa pande tatu, nyufa hazikosekani, na magma hupenda nyufa.

Sasa turudi kwenye picha. Kaldera ni kitu kigumu kukipiga, kwa kuwa mpigaji yuko ndani ya kitu chenyewe. Lenzi pana ya simu inaingiza ziwa lote, lakini ukuta wa ng'ambo unasinyaa na kuonekana kama ukingo wa bwawa la samaki. Mimi naona afadhali uache kuling'ang'ania lote. Mweke mtu kwenye ukingo, mbali kidogo na wewe, umpige akiwa na kipande cha ukuta nyuma yake. Hapo ndipo mtazamaji anapata kipimo. Jua la saa sita linabapa kila kitu. Mwanga wa kutokea ubavuni ndio unaoonyesha makorongo yaliyomo ukutani, ingawa asubuhi mara nyingi ukungu unakuwa umeshalimeza ziwa, na itabidi ukae usubiri. Na tafadhali, ukingo wenyewe unateleza; picha ya kujipiga huku unarudi nyuma si ya pale.

Ukitaka picha ya volkano yenye sura ya mlima, geuka uupige Rungwe, karibu mita 3,000, unaonekana vizuri ukiwa barabarani. Ukitaka shimo la aina nyingine, nenda Ziwa Masoko, kusini ya Tukuyu. Ni dogo na la mviringo, nalo si kaldera: magma ilipanda ikakutana na maji ya ardhini, mvuke ukalipua ardhi ikabaki tundu. Hakuna mlima uliozama pale.

Mpwa wangu alikwenda Masoko siku ya pili yake. Picha ikaja jioni, ziwa zima limeenea kwenye fremu bila taabu, na chini yake: "Mjomba, hili hata simu imeliweza."