Kupinga kifungo si kubariki ndoa

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: kiongozi fulani wa kanisa amesema mashoga wasifungwe, kwa hiyo kanisa lake limekubali ndoa za jinsia moja. Hitimisho hilo halifuati.

Hapa kuna maswali mawili: kanisa linafundisha nini kuhusu ushoga, na je, dola imfunge mtu kwa sababu hiyo? England na Wales zilipolegeza sheria dhidi ya ushoga mwaka 1967, wapo viongozi wa kanisa waliounga mkono mabadiliko huku wakiendelea kufundisha kuwa tendo hilo ni dhambi. Uzinzi nao huitwa dhambi, lakini nchi nyingi hazimfungi mzinzi. Nchini Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya ushoga ilipongezwa na baadhi ya viongozi wa kanisa ambao, hata hivyo, walikataa adhabu ya kifo iliyomo.

Mkanganyiko una sababu, na viongozi wenyewe wamechangia. Wa dhehebu moja hutofautiana kati ya nchi na nchi. Wengine hulaani ukatili kwa jumla, kisha sheria inapotajwa hunyamaza. Ukimya huo kila mtu huutafsiri apendavyo.

Ukiletewa ujumbe wa namna hii, usiusambaze kabla ya kutafuta tamko kamili na tarehe yake. Angalia linazungumzia jela au madhabahu. Kanisa likibadili kanuni ya ndoa, mabadiliko hupitishwa na vikao vyake na kuandikwa. Hayaanzi na klipu ya sekunde 30 iliyokatwa katikati ya sentensi.