Kidonge cha mama si cha binti: aromatesi na saratani ya matiti

Watu wa nyumba moja huazimana dawa kama wanavyoazimana chumvi, hasa huku Lamu ambako dawa ikikatika, mpaka iletwe kutoka Malindi au Mombasa siku zimeshapita. Panadol haina neno. Lakini anastrozoli, dawa ya saratani ya matiti, ya mama wa miaka 65, akipewa binti mwenye saratani hiyo wa miaka 38 ambaye bado anapata hedhi, haimtibu, na huenda ikazichokoza ovari zake. Kisa ni kimeng'enya kimoja, aromatesi.

Mchoma mishkaki anayepaka nyama papai bichi anakijua kimeng'enya hata kama hajui jina lake: utomvu wa papai hukatakata protini mpaka nyama ilainike. Mwilini mna vingi, kila kimoja na kazi yake. Aromatesi kazi yake ni kuzigeuza homoni tuzitazo za kiume, ambazo kila mwanamke anazo, ziwe estrojeni, homoni ya kike. Androstenedioni huwa estroni. Testosteroni huwa estradioli. Estroni ni dhaifu, lakini kimeng'enya kingine, 17-beta-HSD aina ya 1, huigeuza kuwa estradioli, na hiyo ndiyo inayoulisha vizuri uvimbe wenye vipokezi vya estrojeni, yaani protini za seli zinazoipokea homoni hiyo.

Kwa binti, estrojeni nyingi inatoka kwenye ovari. Kwa mama ovari zimelala, ila aromatesi iliyomo kwenye mafuta ya mwili, misuli na titi lenyewe haijalala. Malighafi yake inatoka tezi za adrenali zilizo juu ya figo. Ndiyo maana unene baada ya hedhi kukoma huongeza hatari.

Anastrozoli (miligramu 1 kwa siku), letrozoli (2.5) na eksemestani (25, baada ya kula) huizuia aromatesi. Estrojeni ya mama hushuka sana. Kwa binti, ubongo unahisi estrojeni imepungua, tezi ya pituitari iliyo chini yake inamwaga FSH na LH, homoni za kuziamsha ovari, na ovari zinahimizwa kufanya kazi zaidi. Letrozoli hiyo hiyo hupewa wanawake wanaotafuta mimba ili yai lipevuke! Binti akiandikiwa kundi hili, ovari zinyamazishwe kwanza, kwa mfano kwa sindano ya goserelini ya miligramu 3.6 kila siku 28. Na hedhi iliyokatika kwa sababu ya kemotherapi isihesabiwe kuwa imekoma: ovari zinaweza kuamka kimyakimya.

Tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, inaziba kipokezi chenyewe, kwa hiyo inafaa kwa wote wawili. Hata hivyo nayo inategemea kimeng'enya: CYP2D6 cha kwenye ini ndicho kinachoikamilisha kuwa endoksifeni, yenye nguvu kuliko yeye. Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, hukizuia. Rifampisini ya TB inalifanya ini liiondoe tamoksifeni upesi. Anayetibu TB mara nyingi siye anayetibu saratani, basi nenda kliniki na paketi zako zote mkobani. Waafrika wengi wamerithi CYP2D6 iliyo nzito kidogo kufanya kazi, lakini tafiti zinapingana juu ya athari yake; mimi simtozi mgonjwa pesa za kupima CYP2D6 yake.

Yote haya yanasimama juu ya kipimo cha vipokezi, na hapo ndipo mambo huharibika. Kipande cha uvimbe kitiwe ndani ya saa moja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia nyama ya mwili, ya asilimia 10 iliyotiwa bafa ili isiwe na asidi, ujazo wake mara kumi ya kipande, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikitiwa maji ya dripu, kikavushwa hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, na kupandishwa basi la Mombasa katika joto hili, protini huoza na jibu hurudi "hakuna vipokezi" ilhali vipo. Hata asilimia 1 ya seli ikionyesha vipokezi, mgonjwa anahesabiwa kuwa navyo. Kwa hiyo andika saa ya kukata na saa ya kutia formalini juu ya chupa yenyewe, si kwenye karatasi tu.

Kusi ikichafua bahari na dawa ikachelewa siku mbili tatu, usiazime. Tamoksifeni na anastrozoli hazitoki mwilini kwa siku moja. Ikifika, meza kimoja kama kawaida, usilipize vilivyopita.