Kipande kilichokatwa hakikufutwa

Nimemsikia tena mtu akisema DVD ya vibonzo aliyowanunulia watoto ina "matukio yaliyofutwa". Hapo hapo akaanza kulalamika kuwa matukio yenyewe ni michoro ya penseli isiyo na rangi. "Wamelipua kazi," akasema. Neno lenyewe na lawama yake vina kosa moja.

Maana kwanza, upesi. Kipande kilichokatwa ni sehemu ya hadithi iliyotungwa na kuanza kutengenezwa, kisha ikaondolewa kabla filamu haijatoka. Hukaa kwenye nyongeza za diski, jirani na maelezo ya mwongozaji.

Kufuta ni kufanya kitu kisionekane tena, kama mwalimu na ubao wake. Kingekuwa kimefutwa, ungekitazamaje sebuleni? Kukata ndilo neno la kazi yenyewe, na wala si la mafumbo. Enzi za mkanda, mhariri alishika utepe wa filamu mkononi, akaukata, akaunganisha ncha mbili kwa gundi. Kilichotolewa kilikuwa kitu chenye urefu wake, unaweza kukiviringisha na kukiweka kabatini.

Ila kwa vibonzo, hata kukata kunapwaya. Filamu ya waigizaji hupigwa picha kuzidi mahitaji: tukio moja linarudiwa mara nane, mhariri anachagua. Vibonzo havina anasa hiyo. Kila sekunde inahitaji picha 24, na katika filamu za kompyuta picha moja tu yaweza kuchukua saa kadhaa kukamilika. Nani atajitia hasara hiyo kwa tukio ambalo huenda lisitumike? Ndiyo maana hadithi nzima hutangulia kuchorwa kwa michoro myepesi, ikapangwa kwa mfuatano na kuwekewa sauti za muda, mara nyingi za wafanyakazi wenyewe wa studio. Kisha wanakaa, wanatazama, wanabishana. Vipande vingi huangukia hapo. Kwenye vichekesho vya familia hali ni ngumu zaidi, maana mzaha ambao haukuchekesha hata chumba kile haufiki kwenye rangi.

Kwa hiyo hicho kilichomkera mwenzetu hakikukatwa hasa. Kiliachwa njiani, na penseli inakuonyesha kiliachwa hatua gani. Vipo vilivyofika mbali zaidi. Katika Snow White and the Seven Dwarfs ya mwaka 1937 kulikuwa na tukio la mbilikimo wakinywa supu kwa makelele, na Ward Kimball, mchoraji wa studio ya Disney, alikwisha kulichora likatembea. Walt Disney akaliondoa kwa kuwa lilichelewesha hadithi. Watu waliliona kwenye televisheni mwaka 1956, nalo likiwa bado la penseli, kwa sababu halikuwahi kufika kwenye wino na rangi.

Kuna na wale wanaotia kapu moja vipande hivi na "makosa ya waigizaji". Hao ndio hunimaliza. A Bug's Life, filamu ya kompyuta ya mwaka 1998, iliweka mwishoni, majina yakipita, wadudu wakisahau maneno yao na kuangua kicheko. Mdudu wa kompyuta hasahau maneno, jamani. Kuna mtu aliandika asahau, mwingine akarekodi kicheko, wengine wakamchezesha, na kompyuta ikamaliza kila picha kwa rangi na kivuli chake. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokatwa popote. Vilitengenezwa makusudi, vikalipiwa sawa na filamu yenyewe. Kinachojifanya kosa ndicho kilichokamilishwa, na kinachoonekana kimelipuliwa ndicho cha kweli.

Basi, ndugu yangu, ukisema "vilivyokatwa" tutaelewana bila shida. Ukisema "vilivyoachwa" nitakuongezea chai. Hiyo "vilivyofutwa" tumwachie mwalimu na ubao wake.