"Sikio la bati": maana yake na jinsi ya kulitambua

Kwa Kiingereza, mtu asiyeng'amua tofauti za sauti katika muziki husemwa ana "tin ear", sikio la bati. Si kiziwi. Sauti zote zinamfikia, ila hajui ipi imepanda, ipi imeshuka, wala ipi imetoka nje ya wimbo.

Kosa kubwa ni kumbandika jina hilo kila anayeimba vibaya. Wengi wao wanasikia vizuri kabisa. Kinachowashinda ni kuitawala sauti yao wenyewe, na hilo hurekebishika kwa mazoezi. Kwa hiyo usimpime mtu kwa kumwimbisha. Mwambie akipe kinanda mgongo, umpigie noti mbili zinazofuatana, kitufe cheupe na cheusi kilicho ubavuni mwake, kisha umuulize ipi iko juu. Hapo umempa nusu toni, kwa mfano kutoka hezi (mitetemo kwa sekunde) 440 hadi karibu 466, nyongeza ya takriban asilimia 6. Rudia mara kumi ukibadilisha mpangilio, kwani hata anayebahatisha atapata karibu nusu. Watu wengi hutambua hata tofauti ndogo kuliko hiyo.

Anayekosea mfululizo huenda ana amusia ya kuzaliwa, yaani hali ya kuzaliwa ya kutong'amua sauti za muziki, ingawa jaribio la nyumbani halitoshi kuthibitisha. Mtafiti Isabelle Peretz na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2003 kipimo cha hali hiyo chenye sehemu sita: tatu za melodia, mbili za mapigo na mpangilio wa muda, na moja ya kumbukumbu. Zamani ilisemwa hali hiyo inawapata watu 4 katika kila 100. Hesabu ya mwaka 2017 iliishusha hadi karibu asilimia 1.5.

Mbona basi watu hao wanazungumza bila tabu? Kwa sababu sauti ya maongezi hupanda na kushuka kwa hatua kubwa. "Umekula." na "Umekula?" huachana kwa zaidi ya nusu toni moja, kwa hiyo wengi wao wanaipata. Kwenye Kichina cha Mandarin, ambako toni hubadili maana ya neno, baadhi yao hukwama.

Msemo huo hutumika pia kwa mwandishi au kiongozi asiyehisi uzito wa maneno yake, na huku ndiko madhara yalipo. Chukua ujumbe wa ofisi kwa mfiwa: "Pole kwa changamoto ya kuondokewa na mzazi. Tunatarajia utarejea kazini kwa wakati." Sarufi haina dosari. Lakini "changamoto" ni neno la bajeti iliyochelewa na mtandao uliokatika, na sentensi ya pili inamhesabia siku mtu ambaye kaburi la mzazi wake bado bichi. Ifute hiyo ya pili yote. Ya kwanza iwe: "Poleni sana kwa msiba wa mzee wetu." Kwa wingi, maana pole ya msiba huenda kwa nyumba nzima.