Mchezaji wa madaraja ya chini Hispania: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Anayefuatilia La Liga kila mwisho wa juma huziona klabu 20, na kwa hizo hujijengea picha ya mwanasoka wa Hispania kuwa ni kijana tajiri anayesafiri kwa ndege na kupangiwa kila kitu. Chini ya klabu hizo wako wanasoka wengi zaidi ambao mpira ndio mkate wao, au sehemu kubwa ya mkate wao, na mengi yanayosemwa juu yao hayana ukweli.

Dhana ya kwanza hutokana na majina ya madaraja yenyewe. Msomaji anapokuta Segunda B (segunda kwa Kihispania ni “ya pili”) katika rekodi ya mchezaji huamini kwamba mchezaji huyo alicheza daraja la pili, ilhali Segunda B, iliyoanza mwaka 1977, ilikuwa daraja la tatu, na kwa muda mrefu ilikuwa na klabu 80 zilizogawanywa katika makundi manne. Mwaka 2021 nafasi yake ilichukuliwa na Primera Federación yenye klabu 40, ambayo nayo ni daraja la tatu, huku Segunda Federación ikiwa la nne na Tercera Federación la tano. Asiyeujua mpangilio huu hawezi kupima kazi ya mchezaji. Katika Segunda B klabu nne tu kati ya 80 zilipanda kila msimu, na hata ubingwa wa kundi haukutosha, kwa kuwa mabingwa nao walilazimika kuingia katika mechi za mchujo. Wapo waliomaliza msimu wakiwa kileleni, wakapoteza mchujo, kisha mwaka uliofuata wakaanza tena pale pale. Ninaposikia mtu akisema kwamba fulani alikaa daraja la tatu miaka kumi kwa kukosa uwezo, hukumbuka kwanza jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba.

Wengine husema kwamba chini ya Segunda, ambalo ndilo daraja la pili, yaani chini ya madaraja mawili yanayoendeshwa na LaLiga, chombo cha klabu za kulipwa, hakuna wachezaji wa kulipwa, bali wa ridhaa tu. Ni kweli kwamba mashindano ya huko chini, ambayo yako mikononi mwa shirikisho la soka na mashirikisho ya mikoa, hayahesabiwi rasmi kuwa ya kulipwa. Lakini hadhi ya mashindano ni jambo moja na hadhi ya mtu ni jambo jingine. Amri ya serikali namba 1006 ya mwaka 1985, inayosimamia ajira za wanamichezo nchini humo, humtambua kuwa mwanamichezo wa kulipwa yeyote anayecheza kwa kawaida chini ya uongozi wa klabu kwa malipo, na humwacha nje yule anayerudishiwa gharama zake tu. Daraja halitajwi. Kwa hiyo beki wa daraja la nne anayelipwa mshahara kila mwezi ni mfanyakazi kamili mbele ya sheria, hata kama klabu imemwandikisha kwa leseni ya ridhaa.

Sheria kumtambua, hata hivyo, si sawa na mshahara kufika, na hapa ndipo dhana ya kwamba kila anayecheza Hispania ana maisha ya uhakika inapovunjika vibaya zaidi. Tarehe 30 Januari 2014, Racing Santander, wakati huo ikiwa Segunda B, iliikaribisha Real Sociedad katika mechi ya marudiano ya robo fainali ya Kombe la Mfalme, mashindano ya mtoano yanayokutanisha klabu za madaraja mbalimbali. Wachezaji wa Racing walikuwa wakidai mishahara ya miezi kadhaa na walikwisha kutangaza kwamba hawatacheza iwapo uongozi wa klabu hautajiuzulu. Mpira ulipoanzishwa walisimama kuuzunguka mduara wa kati wakiwa wameshikana mabegani, wenzao wa benchi pamoja na kocha wakafanya vivyo hivyo kando ya uwanja, na baada ya muda wa dakika moja hivi mwamuzi akaimaliza mechi. Mashabiki wao wenyewe, waliokuwa wamenunua tiketi za robo fainali, waliwapigia makofi. Msimu ule ule kikosi hicho kilipanda daraja, na sijui ushahidi ulio bora kuliko huo wa kuonyesha kwamba kudai ujira hakumaanishi kukosa mapenzi na klabu. Hata Segunda si salama daima: Reus iliondolewa katika daraja hilo Januari 2019, msimu ukiwa katikati, kwa sababu ya kushindwa kuwalipa wachezaji.

Kuhusu timu za akiba, wengi huamini kwamba kijana akishaingia kikosi B cha klabu kubwa njia yake ya kwenda juu imekwisha kufunguliwa. Kanuni haziko hivyo. Timu ya akiba haiwezi kuwa daraja moja na timu mama, na jambo hilo laweza kumwangusha mchezaji bila kosa lake: mwaka 2012 Villarreal iliposhuka kutoka La Liga, Villarreal B, ambayo kwa matokeo yake ilistahili kubaki Segunda, ililazimika kushuka pia. Farid Mussa wa Tanzania, aliyetoka Azam kwenda Tenerife ya Hispania, alipitia kikosi B cha klabu hiyo kabla ya kurudi nyumbani na kujiunga na Yanga. Waliosema kwamba alishindwa Ulaya hawakuzingatia ni kwa namna gani vijana wa Kihispania wenyewe hukwama katika vikosi hivyo hivyo.

Uwezo upo huko chini, na Kombe la Mfalme huuonyesha kila mara. Alcoyano ya Segunda B iliifunga Real Madrid 2–1 mwezi Januari 2021 katika muda wa nyongeza, ikiwa na wachezaji kumi uwanjani na langoni akiwa José Juan, mwenye umri wa miaka 41. Mirandés ilifika nusu fainali mwaka 2012 ikiwa daraja la tatu, na mfungaji bora wa mashindano yale alikuwa Pablo Infante, ambaye alikuwa mfanyakazi wa benki. José Luis Morales, aliyeanzia katika klabu ndogo za viunga vya Madrid, alicheza La Liga kwa mara ya kwanza mwaka 2014 akiwa na miaka 27.

Imebaki dhana moja ambayo huwaumiza wachezaji hawa hata katika usajili, kwamba anayebadilisha klabu kila mwaka ni msumbufu. Mikataba ya wanamichezo Hispania kisheria ni ya muda maalumu, na huko chini mingi ni ya msimu mmoja unaoishia tarehe 30 Juni. Klabu ikishuka, bajeti hupungua. Ikipanda, hutafuta majina mapya. Na kikomo cha idadi ya wachezaji waliozidi umri wa miaka 23 humfanya mkongwe awe wa kwanza kuachwa. Ndiyo maana AFE, chama cha wachezaji kilichoundwa mwaka 1978, huandaa mazoezi ya pamoja kwa wanasoka wasio na klabu, yakiwa na makocha na mechi za kirafiki, ili simu ikipigwa mwezi Agosti wawe tayari kucheza.