Je, wajua kwa nini yoga inaijali pumzi kuliko kunyoosha viungo?

Picha nyingi za yoga mitandaoni zinaonyesha mtu aliyejikunja juu ya mkeka, mguu mmoja hewani. Lakini kwa walimu wa kale wa India, walioifundisha kama njia ya kiroho, mkao wa mwili ulikuwa maandalizi tu. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye pumzi na akili. Kwa nini pumzi?

Jibu moja la zamani sana limo katika Chandogya Upanishad, andiko la Kihindu lililotungwa karne kadhaa kabla ya Kristo. Humo viungo vya mtu vinagombania ukubwa. Kauli inauhama mwili mwaka mzima. Mwili unaishi, ingawa bubu. Jicho nalo linaondoka, mwili unaishi bila kuona. Sikio na akili, hali kadhalika. Ilipofika zamu ya pumzi, ile kutaka tu kutoka ikaanza kuving'oa vingine vyote, kama farasi wa nguvu anavyong'oa vigingi alivyofungiwa. Vyote vikaisihi isiondoke, vikakubali kuwa ndiyo mkubwa wao. Pumzi hiyo huitwa prana, nayo si hewa peke yake bali uhai unaotembea mwilini.

Baadaye Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, katika kitabu chake Yoga Sutra, akaeleza kuwa yoga ni kutuliza msukosuko wa akili. Akili ikitulia, nafsi inajiona ilivyo. Haijidhani tena kuwa ndiyo ile hasira au hofu inayopita mbele yake. Njia yake ina hatua nane, na kudhibiti pumzi, yaani pranayama, ni ya nne. Kabla yake kuna maadili kama kutodhuru, kusema kweli na kutoiba, kisha nidhamu ya nafsi, kisha mkao. Naona madarasa mengi ya leo yanaruka maadili na nidhamu hiyo. Kuhusu mkao wenyewe, Patanjali anataka tu uwe imara na wa raha.

Moyo huwezi kuuamuru usimame ukatii. Mkono, usipouamuru, hauinuki. Pumzi ina tabia zote mbili: inakwenda yenyewe ukiwa usingizini, na ukiamka unaweza kuishika. Ukiogopa inakwenda mbio. Ukiipunguza mwendo kwa makusudi, na moyo unapoa. Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinasema pumzi ikitikisika akili hutikisika, na ikitulia akili hutulia.

Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la BMJ utafiti wa watu wazima 23 waliosali rozari kwa Kilatini na pia kukariri mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwa-rudiwa. Sala zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu 6 kwa dakika, wakati kawaida mtu mzima aliyepumzika huvuta 12 hadi 20, na mapigo ya moyo yakaanza kupanda na kushuka kwa kufuatana na pumzi hiyo.

Zoezi moja linalojulikana sana ni nadi shodhana, yaani kusafisha njia za prana. Kaa wima, kunja kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia. Ziba tundu la kulia la pua kwa kidole gumba, vuta hewa taratibu kwa la kushoto. Ziba la kushoto kwa kidole cha pete, achia gumba, toa hewa kwa la kulia. Vuta kwa hilo hilo la kulia, toa kwa la kushoto. Kwa mapokeo, tundu la kushoto ni njia ya mwezi na la kulia ni ya jua, na zikisafishwa prana hupanda katikati ya uti wa mgongo.

Waliobobea huongeza kubana pumzi. Pradipika inaonya kuwa prana hufugwa polepole, kama simba, tembo au chui milia. Ukiiharakisha itamuua anayeifuga. Kwa hiyo mwenye presha au ugonjwa wa moyo, na mjamzito, asibane. Avute kwa sekunde 4, atoe kwa 6, na tayari atakuwa kwenye pumzi 6 kwa dakika.