Je, wajua? Bunduki ilikuwa ya mmoja, hatia ikawa ya watatu

Kijana anakimbia barabarani mchana kweupe. Mbele yake imesimama pikapu nyeupe. Kando ya mlango wa dereva kuna mwanamume ameshika bunduki ya marisau, na baba yake yuko juu, nyuma kwenye bodi, ana bastola. Nyuma ya kijana inakuja pikapu ya pili, dereva wake anarekodi kwa simu. Kijana anakwepa, anapita upande wa kulia wa gari, akifika mbele ya boneti anakata kushoto na kushikana na yule mwenye bunduki. Bunduki inalia mara tatu.

Hapo ni Satilla Shores, kitongoji kilicho nje kidogo ya mji wa Brunswick, jimbo la Georgia, Marekani, tarehe 23 Februari 2020. Aliyeuawa ni Ahmaud Arbery, Mmarekani mweusi wa miaka 25, ambaye hakuwa na silaha yoyote. Waliokuja kushtakiwa ni Wazungu watatu: Travis McMichael aliyefyatua risasi, baba yake Gregory, polisi mstaafu aliyewahi pia kuwa mpelelezi wa ofisi ya waendesha mashtaka, na jirani yao William Bryan, yule wa simu.

Travis alisema alijihami. Wale wengine wawili hawakufyatua risasi hata moja. Wote watatu wakakutwa na hatia ya mauaji, na wote wakafungwa maisha. Imekuwaje?

Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo mtaani tunayachanganya. Kila mshtakiwa hujitetea: anaweza kusema hakuwepo, wamemfananisha, shahidi ni mwongo. Kujihami ni jambo jingine. Anayesema "nilijihami" amekwisha kukiri nusu nzima ya kesi. Ndiyo, nilikuwepo, ndiyo, mkono ni wangu, ndiyo, amekufa kwa risasi yangu, lakini nisingefanya vile ningekufa mimi. Ni dai zito, na sheria za nchi zilizorithi mfumo wa Kiingereza hulipa heshima yake. Kukiwa na ushahidi unaoelekea huko, mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alijihami. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kulivunja dai hilo pasipo kuacha shaka. Wala mahakama haimtaki mtu aliyevamiwa apime nguvu zake kwa mizani ya sonara huku panga likiwa juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo Travis alikuwa na mlango. Swali ni kama alikuwa na haki ya kuupita, kwa sababu sheria ya Georgia, kama zilivyo nyingi, humfungia mlango huo mtu aliyeanza uchokozi na mtu anayemuua mwenzake katikati ya kutenda kosa kubwa la jinai. Huwezi kumwinda mtu kwa gari na bunduki, akageuka kupambana, kisha ukasema yeye ndiye aliyekuvamia. Siku ile, mwenye haki ya kujihami alikuwa anayekimbia.

Mawakili wa utetezi waliliona shimo hilo mapema, na hoja yao yote wakaijenga juu ya sheria ya mwaka 1863. Georgia ilikuwa bado na sheria ya enzi za vita vya wenyewe kwa wenyewe iliyomruhusu raia kumkamata mtu aliyetenda kosa mbele yake, au kosa alilolijua papo hapo. Kitongojini kulikuwa na nyumba inayojengwa, isiyo na milango, na kamera zilikuwa zimemnasa Arbery akiingia humo zaidi ya mara moja na kutoka mikono mitupu. McMichael baba na mwana wakasema walimshuku kuwa mwizi, wakaenda kumkamata. Hesabu yao ilikuwa hivi: ikiwa ukamataji ni halali, kumfukuza si uchokozi, ikiwa kumfukuza si uchokozi, basi Arbery aliposhika bunduki ndiye aliyeanza, na Travis alikuwa na haki ya kufyatua.

Ni mnyororo uliofungwa vizuri, lakini ulining'inia kwenye pete moja tu ya juu.

Pete hiyo ikakatika mahakamani. Siku ya tukio hakuna kati yao aliyemwona Arbery akitenda kosa lolote. Walimwona anapita mbio. Jaji Timothy Walmsley akawaelekeza wazee wa baraza, raia 12, kwamba raia akitaka kukamata lazima akamate mara baada ya kosa, si siku kadhaa baadaye kwa hisia zake. Mwendesha mashtaka Linda Dunikoski hakuhitaji kupiga kelele. Travis alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, peke yake kati ya watatu, alimuuliza maswali mafupi mafupi. Je, Arbery alikutishia kwa maneno? Hapana. Alitoa silaha? Hapana. Alikuwa anakimbia tu? Ndiyo. Kila jibu lilikuwa msumari. Na baba yake alikuwa tayari amewaambia polisi, siku ileile, kwamba Arbery alikuwa amebanwa kama panya mtegoni. Alidhani anaeleza ushujaa, kumbe anaeleza kosa la kumzuia mtu kinyume cha sheria.

Sasa wale wawili. Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, na ndipo penye utamu wa kisheria.

Dai la kujihami ni la mtu mmoja mmoja. Hofu haiazimwi, baba hawezi kujihami kwa hofu ya mwanawe aliyesimama hatua kadhaa mbali naye, ingawa anaweza kudai kuwa alimtetea. Lakini hatia inaweza kuwa ya pamoja. Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo: Gregory na Bryan walihitaji Travis ashinde. Kama risasi ingehalalishwa, hakuna mauaji, na hapo hakuna cha kushiriki. Travis akianguka, wao wanabaki uchi, kwa kuwa hawana hofu yao wenyewe ya kueleza. Wanabakiwa na swali moja tu: mlifanya nini katika zile dakika tano za kumfukuza?

Majibu hayakuwa sawa, na hukumu hazikuwa sawa. Kila mmoja alikabiliwa na mashtaka tisa. Tarehe 24 Novemba 2021 baraza lilimtia Travis hatiani kwa yote tisa, likiwemo la kuua kwa nia ovu. Gregory akaponyoka hilo la nia ovu, akanaswa na manane yaliyobaki. Bryan akatiwa hatiani kwa sita. Wazee wa baraza hawakuwafunga kamba moja kama kuni. Walipima mtu mmoja mmoja, shtaka kwa shtaka.

Kilichowakamata wawili hawa ni aina ya mauaji ambayo Georgia haiulizi kama ulikusudia mtu afe. Inauliza kama kifo kilitokea wakati wewe unatenda kosa kubwa. Kesi ya Bryan ndiyo inayofundisha zaidi. Alikuwa nyumbani kwake, akaona jirani wanamkimbiza mtu, akapanda gari akaungana nao. Hakuwa na bunduki, na hakukaa na wenzake kupanga. Lakini kwa maneno yake mwenyewe kwa polisi alimkatia Arbery njia kwa pikapu mara kadhaa, na alama ya kiganja cha Arbery ikakutwa kwenye gari lake. Gari likitumika hivyo ni silaha. Kumzingira mtu asipate pa kutokea ni kosa. Kifo kilizaliwa humo, naye alikuwa mmoja wa wazazi wake.

Na ile video? Ndiyo iliyozaa kesi. Zaidi ya miezi miwili ilipita bila mtu kukamatwa. Wakili mmoja wa hapo mjini akaipeleka kwenye kituo cha redio mwezi Mei, akidhani itatuliza uvumi. Siku mbili baadaye McMichael wote wawili walikuwa rumande, na mwezi huohuo Bryan akawafuata.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi atauliza: na kwetu je? Misingi ni ileile, kwa sababu shina ni moja. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatoa haki ya kujihami katika kifungu cha 18, na inaruhusu nguvu ya kadiri tu. Ina jambo ambalo wengi hawalijui: ukiua kwa kuzidisha nguvu wakati kweli ulikuwa unajihami, kifungu cha 18B kinasema kosa lako ni kuua bila kukusudia, si mauaji. Tofauti hiyo ni kati ya kifungo na kitanzi. Ila lazima kwanza uwe ulikuwa unajihami kweli.

Kwa washtakiwa wengi pamoja kuna kifungu cha 23, cha nia ya pamoja, ambacho kwa Kenya ni kifungu cha 21 cha Kanuni yake ya Adhabu: watu wakiungana kutenda jambo haramu, na katika kulitenda likatokea kosa ambalo ni tokeo la kutarajiwa la mpango wao, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Nia hiyo si lazima iwe imepangwa kikaoni. Inaweza kuzaliwa pale pale barabarani, mtu anapoitikia "mwizi!" na kuokota jiwe. Anayefukuzwa akigeuka na kumjeruhi mmoja wa kundi, kundi halipati ghafla haki ya kujihami ambayo halikuwa nayo dakika moja kabla. Sheria zetu pia zinamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa mbele ya macho yake, kwa sharti la kumfikisha polisi bila kuchelewa.

Georgia iliifuta sheria yake ya 1863 mwezi Mei 2021, miezi michache kabla ya kesi kuanza. Washtakiwa bado walihukumiwa kwa ile ya zamani, kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo siku ya tukio, na hata hiyo haikuwafaa. Tarehe 7 Januari 2022 baba na mwana walipewa kifungo cha maisha bila uwezekano wa kuachiwa. Bryan alipewa maisha pia, lakini anaweza kuomba kuachiwa akitimiza miaka 30 gerezani. Alikuwa na umri wa miaka 52.